Sekondari ya kata kule mlimani: mimi naipa nyota tatu, wazazi wenzangu hatuelewani kabisa

Nikiri mapema kabisa, mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Igoma, Mwanza na sketi za marinda za hii shule nashona mimi, kwahiyo asije mtu akasema nimelipwa na shule, sijalipwa, wananilipa wazazi tena wengine kwa mafungu mpaka leo nawadai. Ila ndo hapohapo kibandani nimesikia maneno yote ya hii shule, maana mzazi akimleta mtoto kupimwa lazima aongee, na mimi nina futi mkononi na pini mdomoni siwezi kujibu, nasikiliza tu.

Jina sitaji. Ni sekondari ya serikali, ya kutwa, hapa Nyamagana, ya kupanda mlima kwenye mawe, na kwa Mwanza ukisema ya kwenye mawe umeshasema nusu ya shule zote kwahiyo tuiache hivyohivyo, mwanangu bado anasoma pale.

Wangu wawili wamepita hapo. Wa kike aliingia 2019 akamaliza 2022, wa kiume ameingia Januari 2025 saa hizi yuko kidato cha pili. Shule ileile, geti lilelile la bati, kengele ileile ya rimu ya gari. Ungeniuliza 2022 ningekwambia mpeleke mtoto usiku huuhuu, ukiniuliza leo nakwambia subiri kwanza nikuulize maswali mawili matatu.

Sasa wazazi. Kuna mama mmoja anachukua dagaa Kirumba Mwaloni anakuja kuuza huku kwetu, akipita lazima anisalimie kisukuma, mwangaluka mayu, afu anakaa kwenye stuli anapumzika miguu. Huyo mama hii shule usiiguse mbele yake. Kijana wake ndo wa kwanza kwao kukanyaga sekondari, na alipofika kidato cha kwanza akaacha kwenda, wiki mbili nzima yuko ziwani Igombe anavuta nyavu na wenzie mama hajui, anajua mtoto yuko shule. Mwalimu wa malezi akaja mpaka nyumbani kwake, kwa miguu, jua la saa nane, akauliza kijana yuko wapi. Mama akaniambia, wewe umeshaona shule ya private mwalimu anakuja kwako na hajaja kudai ada? Nikacheka mpaka nikakaribia kumeza pini. Na kijana alirudi, mpaka leo anasoma.

Afu kuna baba mmoja wa bodaboda, kijiwe chake kiko mbele yangu hapo. Yeye msimamo wake kayumba, yaani shule ya serikali, ni kayumba tu, hata uipake rangi. Binti yake alikaa mkondo mmoja na watoto zaidi ya tisini, anakaa nyuma, ubaoni haoni, na hakuna aliyejua kama haoni mpaka mtihani wa muhula umeshapita. Akamtoa kampeleka private, analipa kwa awamu nne, na ukimwangalia sikuhizi unaona kabisa ile ada inamtafuna, pikipiki tairi limekwisha hajabadilisha. Anasema hela inaniuma lakini usiku nalala. Mimi siwezi kumbishia mtu anayelala.

Wa tatu ni mzee mstaafu ananishoneshaga suruali, huyo ukimpa shikamoo tu anaanza, nyie mnalalamika nini, sisi enzi zetu ukitaja sekondari Mwanza hii ni Bwiru, Nsumba, Nganza, unahesabu kwa vidole, darasa la saba wako kibao anachaguliwa mmoja au wawili wengine wanarudi shambani kulima pamba. Leo una sekondari unaiona kwa dirisha la jikoni. Na hapo mzee ana pointi, maana hizi shule za kata zilijengwa kwa kasi kuanzia ule mpango wa 2004, kila kata iwe na yake, watu wakaziita yeboyebo kwa dharau, lakini bila yeboyebo binti yangu mimi angekuwa anauza karanga stendi.

Kwahiyo ukiwasikiliza hao watatu unadhani wanaongelea shule tatu. Na mimi nilikuwa nadhani mmoja wao anadanganya mpaka nilipokuwa na mtoto wa pili pale ndo nikaelewa kumbe wote wanasema kweli.

Ngoja nieleze ya hesabu. Kipindi cha binti yangu kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, kijana tu, shati moja la bluu kila siku. Huyo mwalimu alikuwa anabaki na kidato cha nne mpaka saa kumi na moja jioni, hadai tuisheni, anasema leteni tu chaki zikiisha. Binti alitoka na divisheni two ya pointi 20, hesabu ana B, mimi mwenye hesabu za sentimita tu nilikaa nikalia. Nikaisifia shule kwa kila mteja aliyeingia kibandani. Kumbe nilikuwa namsifia yule kijana wa shati la bluu. Alihama mwaka uliofuata.

Wa kiume alipoingia, muhula wa pili wote wa kidato cha kwanza hakuna mwalimu wa hesabu. Wote, kuanzia Julai. Akaletwa wa kujitolea, analipwa na michango ya wazazi, michango ikawa haitoshi akaondoka, na mimi simlaumu, mtu anakula nini. Nilijuaje? Siku moja natafuta karatasi ya kukatia patani nikafungua daftari lake la hesabu, tarehe ya mwisho ni ya mwezi wa saba, afu kurasa nyeupe mpaka nyuma. Nikaita, we mbona huandiki? Akanijibu kwa upole kabisa, mama hatujafundishwa. Nikafungua la fizikia, hivyohivyo. La kiswahili limejaa, la bailojia limejaa na limesahihishwa kwa kalamu nyekundu kila wiki, tiki na maneno kabisa pembeni, jitahidi, rudia hili.

Kuanzia siku hiyo mtu akiniuliza shule ikoje namwambia muombe mtoto wa jirani anayesoma pale madaftari yake yote uangalie tarehe. Usiangalie geti, hata matokeo usiyaangalie sana maana matokeo ya mwaka huu ni ya walimu wa miaka minne iliyopita, wengine washahama. Angalia daftari. Pale shuleni bailojia, kiswahili na jiografia ni nzuri, asikwambie mtu. Hesabu na fizikia ni bahati yako.

Na kidato cha pili sio cha kuchezea, mwisho wa mwaka wanapimwa kitaifa na asiyefikia kiwango anarudia darasa, kwahiyo saa hizi nalipa tuisheni ya hesabu mtaani, elfu moja kwa siku, siku tatu kwa wiki. Piga mwenyewe ujue kama hiyo ni bure.

Hapo kwenye bure ndo kikao cha wazazi kinapowakaga moto. Ada ilifutwa kwa waraka wa 2015, utekelezaji Januari 2016, kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka. Serikali inatenga ruzuku ya shule, elfu 25 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, hizo ndo zinunue chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, dawa, hebu gawanya kwa siku za masomo uone ni shilingi ngapi, haifiki hata andazi mbili. Afu 2018 Magufuli akakemea michango ya lazima, na tangu hapo ukisimama kikaoni ukasema jamani tuchangie mwalimu wa kujitolea kuna mtu nyuma anapayuka ELIMU BURE, na nusu ya ukumbi wanapiga makofi. Ukumbi wenyewe ni chini ya mti. Mwenyekiti wa bodi anafafanua ni elimu bila ada sio elimu bure, hakuna anayemsikia.

Chakula tumekubaliana kwa mbinde, mahindi na maharage kila mzazi analeta kwa muhula na hela kidogo ya kuni na mpishi. Makande ni mazuri sina neno, mwanangu anayasifia kuliko yangu jambo ambalo linaniuma. Ila hapa ndo nimekata nyota ya kwanza. Mtoto ambaye mzazi hajaleta hapewi chakula. Mnaweza kusema ni haki, kila mtu na mzigo wake, na kwenye kikao wengi walisema hivyo hivyo, akiwemo baba wa bodaboda kabla hajamtoa wake. Lakini mimi nilipanda kule siku moja saa saba kupeleka sketi, nikaona watoto kama kumi na tano wamekaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya jiko, upepo unawaletea harufu ya makande, wanajifanya wanasoma. Mwanangu akaniambia wanapaita Ulaya, pale kwenye jiwe. Siongezi.

Nyota ya pili ni viboko. Kutoka kwetu mpaka kule ni gari moja, nauli ya mwanafunzi mia mbili, na konda asubuhi akiona sare anafunga mlango, anataka mtu mzima wa nauli kamili. Magari matatu yanampita mtoto, anafika saa moja na nusu, anapokelewa na mwalimu wa zamu getini. Mwanangu alirudi hawezi kukaa. Nilihesabu alama, zilizidi nne. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemruhusu yeye, na viandikwe kwenye kitabu. Hilo nalijua kwasababu mteja wangu mmoja ni mwalimu mstaafu alinieleza nikiwa nampima bega.

Nikavaa kitenge changu cha kanisani nikapanda mlima. Nikasalimia vizuri, nikamwambia mkuu, samahani mwalimu naomba kuona kile kitabu cha adhabu cha tarehe fulani. Kimya. Akatuma mtu akitafute. Kikaja, kina vumbi, tarehe hiyo hakuna kitu. Hakunifokea, nampa sifa yake, alisema mama nimekuelewa, na tangu siku hiyo wanaochelewa wanaokota takataka wanaingia darasani. Kibandani niliposimulia nilitegemea pongezi, mama wa dagaa akanijia juu, wewe unawaharibia walimu, mtoto bila kiboko anakuwa mvuvi! Mzee naye akaunga mkono, tena kwa mifano ya makalio yake mwenyewe ya zamani. Kwahiyo mjue hata kwenye hilo tuko wachache.

Kuhusu kiingereza nisiseme sana maana hiyo sio ya shule hii peke yake, mtoto anasoma miaka saba kwa kiswahili anafika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka. Wanawapa wiki chache za kuwavusha afu basi, ukiongea kiswahili monita anaandika jina. Daftari la bailojia la mwanangu lina mwandiko unaweza kutundika ukutani, muulize alichoandika anaangalia dari. Somo analokuja kunisimulia nyumbani ni moja tu, Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa kiswahili, sasa jumlisha mwenyewe.

Mazuri mengine niyataje nisionekane nina kisirani. Madarasa mawili mapya ya zile hela za UVIKO za 2021, ule mwaka nchi nzima yalijengwa elfu 15, ni masafi, madirisha ya vioo, viti na meza vipya. Walimu wa kike wako makini na mabinti, wangu aliwahi kupatwa na siku zake katikati ya mtihani, mwalimu akafungua droo yake mwenyewe akampa pedi na sweta la kujifunga, mtihani ukaendelea. Sasa wametenga na chumba kabisa. Maabara jengo zuri, sinki zipo, maji hayapandi mlima.

Nyota tatu basi. Ningekuwa na binti anaanza Januari ningempeleka palepale, ila ningetenga hela ya tuisheni ya hesabu tangu siku ya kwanza na kila ijumaa jioni ningekaa na madaftari. Kama mtoto wako haoni vizuri mwambie mwalimu wa darasa siku ya kwanza akae mbele, usisubiri wagundue wenyewe kwenye watoto tisini.

Kwa wanaojiandaa, fomu ya kujiunga inaandika sketi mbili, mashati mawili na sweta. Sketi za dukani mjini ni bei rahisi kuliko zangu kwa elfu tatu hivi, nunueni tu, ila ikunje uangalie pindo kwanza, wanaachaga sentimita mbili tu na mtoto wa kidato cha kwanza ikifika Julai magoti yako nje, mnaanza kuniletea mimi niunge kitambaa ambacho rangi yake haifanani.