Familia na kwaya katika Mbuga ya Mlima Elgon: tathmini ya mwishoni mwa juma

Familia nyingi za Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia huuona Mlima Elgon kila kukicha, lakini likizo inapokaribia mazungumzo huwa ni ya Mombasa, au ya Maasai Mara kama mfuko unaruhusu. Nimerudi kutoka Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, ambako tulikaa mwishoni mwa juma pamoja na mama yangu mzazi, watoto, ndugu kadhaa na baadhi ya waimbaji wa kwaya ya kanisa letu, na nimeona ni haki niandike kwa kirefu. Sijui mahali pengine karibu nasi ambapo bibi mwenye magoti mabovu, kijana anayetaka kupanda kilele na mtoto wa chekechea wanaweza kufurahia siku moja pamoja bila mmoja wao kubaki garini akiwasubiri wenzake.

Mbuga hii ilitangazwa rasmi mwaka 1968, ina ukubwa wa kilomita 169 za mraba, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika zamani, nao umekaa juu ya mpaka: kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda, ilhali kwetu tuna Koitobos, chenye mita 4,222. Wabukusu huuita Masaba, na Wasabaot wamekuwa wenyeji wa miteremko yake tangu enzi za mababu. Maji yanayoanzia huku huingia katika mto Nzoia na kupita Webuye na Mumias hadi Ziwa Victoria, na upande wa pili hushuka kupitia Suam na Turkwel hadi Ziwa Turkana. Niliwaeleza watoto jambo hili tukiwa tumesimama kando ya kijito chembamba ambacho hata mdogo wao alikivuka kwa hatua moja, na maswali yao hayakuisha mpaka tulipofika malazini.

Kufika ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kutoka Kisumu unapitia Kakamega na Webuye hadi Kitale, kisha unashika barabara ya Endebess na kukata kuelekea lango la Chorlim. Ada za kuingia hulipwa kwa njia ya eCitizen, kwa hiyo ni vyema mkamilishe malipo mngali Kitale, ambako mtandao ni wa kuaminika. Ugumu uko ndani ya mbuga, kwa kuwa barabara ni za udongo na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Matatu tuliyokodi ilikuja imechelewa, magurudumu yake yakiwa yamelika, na dereva alipouona mwinuko wa kwanza alikataa katakata kuendelea, ingawa tulikuwa tumemweleza safari nzima tangu siku ya kulipa arubuni. Tulilazimika kusafirisha watu kwa mafungu kwa gari dogo la ndugu yangu, ambalo kwa bahati njema ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nawasihi wenye kwaya na vikundi vya kanisa: likagueni gari kwa macho yenu kabla ya kutoa hata shilingi, na mkubaliane kwa maandishi kwamba litaingia mbugani, wala si kuishia langoni.

Sasa nije kwenye msitu, ambao kwangu ndio unaoipa mbuga hii thamani yake. Ukishalipita lango unakutana na miti ambayo sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya ilikwisha kukatwa zamani: podo zilizonyooka, mitarakwa yenye magome yanayochambuka kwa vipande virefu, na ule mti mkubwa ambao maseremala huuita tiki ya Elgon. Kiongozi aliyetutembeza, kijana mpole aliyekulia papo hapo mlimani, alitueleza kwamba huo si msaji, yaani tiki halisi, hata kidogo bali ni wa jamii ya mizeituni. Mama yangu, ambaye amesoma habari za mizeituni katika Biblia maisha yake yote bila kuwahi kusimama mbele ya hata mmoja, aliliomba gari lisimame. Alishuka, akauweka mkono wake juu ya gome, akainua uso kuangalia matawi ya kwanza yanaanzia wapi, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akauliza kama unazaa. Kiongozi akamjibu kwamba unazaa matunda madogo ambayo ndege huyapenda, ila si ya kukamuliwa mafuta. Hilo halikumpunguzia furaha yake hata chembe, na mpaka leo kila mgeni anayekuja nyumbani huelezwa habari za mzeituni wa Masaba.

Mbega ni wengi, na ni rahisi kuwaona, kwa sababu wanaporuka mikia yao mirefu myeupe huwafichua hata katikati ya majani mazito. Tuliona pia kuro wakilisha kwenye uwazi, pongo aliyetoweka kabla sijawaonyesha watoto, na kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kibichi, jambo lililotufanya tukae karibu karibu. Ndovu hatukuwaona. Atakayekwenda kwa ajili ya ndovu peke yao ajiandae kuzikosa hizo picha, maana katika msitu mnene namna hii ndovu hupita karibu nawe usimjue.

Alama zao, hata hivyo, zipo wazi katika pango la Kitum, na hapa lazima niseme kwa kina, kwa kuwa ndipo wazazi wanapohitaji kuamua mapema. Kwa vizazi na vizazi ndovu wameliingia pango hili usiku, gizani kabisa, wakijiongoza kwa mkonga, ili kuchimba kwa meno yao chumvichumvi iliyo katika mwamba na kuila. Ukiangaza tochi ukutani unaona michirizi ya meno, mingine imekolea, mingine imekuwa laini kwa uzee, na unaelewa kwamba sehemu ya pango hilo imechongwa na wanyama. Ng'ombe nao walikuwa wakiletwa katika mapango ya mlima huu kulamba chumvi, na zamani watu waliishi humo pamoja na mifugo yao. Msafiri Joseph Thomson aliyapita mapango hayo mwaka 1883 akawakuta wenyewe.

Jambo ambalo si kila mtu huelezwa ni hili: wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wamezuru Kitum muda mfupi kabla ya kuugua, na ugonjwa huo unahusishwa na popo wa matunda, ambao hukaa mapangoni. Siliandiki hili ili kumtia mtu hofu, kwa maana wageni huzuru pango hilo mwaka baada ya mwaka na kurejea makwao wazima. Lakini mtoto hushika kila kitu, kisha hutia vidole mdomoni. Sisi tuliamua kwamba watoto na mama wabaki kwenye mlango wa pango, ambako kuna mwanga wa kutosha na kuna mengi ya kutazama, na watu wazima waliotaka kuingia ndani wavae barakoa na glavu, wasiguse kuta wala kinyesi cha popo, na wanawe mikono kwa sabuni wakitoka. Kiongozi aliafiki utaratibu huo bila kutuharakisha, na namshukuru kwa hilo. Kama mna watoto wadogo tu, nashauri mwende moja kwa moja kwenye pango la Makingeny, ambalo mbele ya mdomo wake maji huporomoka kutoka juu, na mtoto hufurahi kusimama mahali ambapo matone yanamfikia bila kuhitaji kuingia popote.

Malazi yetu yalikuwa katika mabanda ya Kapkuro, ndani ya mbuga. Mnajipikia wenyewe, kwa hiyo unga, mboga, maziwa na nyama nunueni sokoni Kitale. Palikuwa safi, blanketi zilitosha, na nyasi za mbele zilitosha watoto kukimbia mbele ya macho yetu. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu muziki, ambao ndio uliotutoa nyumbani kwa wingi namna ile, ni lazima kikundi kielewe mapema kwamba mbuga si uwanja wa mkutano. Ngoma kubwa, spika na jenereta tuliviacha nyumbani, na ningeshangaa mtu akitaka kuvibeba, kwa sababu wanyama wana haki ya kulala na wageni wengine nao wamelipa. Tulimwomba kiongozi ruhusa ya kuimba mbele ya mabanda hadi saa mbili na nusu za usiku, naye akakubali mradi tusizidishe. Mjomba wangu alikuja na litungu lake, lile la nyuzi saba, na baada ya ugali na kuku wa kienyeji alikaa kwenye kigoda akaanza kulilegeza na kulikaza mpaka sauti ikamridhisha, kazi iliyomchukua muda mrefu kwa kuwa baridi ilikuwa inazivuta nyuzi. Alipoanza kulipiga, alipiga taratibu nyimbo za kikwetu za kusifu wazee, kisha akaingia kwenye nyimbo za kanisani ambazo tumezizoea kwa kinanda. Sikuwa nimewahi kuzisikia kwa litungu. Waimbaji wa sauti ya nne walijikuta wanapunguza nguvu ili wasilifunike, wa sauti ya kwanza wakafuata, na kwaya ambayo mwalimu wetu huihimiza kila Jumamosi ipunguze kelele ilipunguza yenyewe, bila kuambiwa. Mwalimu mwenyewe aliacha kuongoza, akashusha mikono na kuimba kama sisi wengine. Ninaamini kila kwaya ya vijijini inayozoea kuimbia vipaza sauti ingenufaika kwa kuimba usiku mmoja mahali kama hapa.

Tulipokwenda kulala, kilio kikali kilipasua giza kutoka mitini, kikafuatwa na kingine, kikipanda na kukwaruza, na watoto wote wakahamia kitanda kimoja. Ni perere, mnyama mdogo asiyezidi sungura kwa ukubwa, ambaye hukaa mitini na sauti yake hailingani kabisa na mwili wake. Waelezeni watoto mapema, msiwaache wagundue wenyewe saa sita za usiku.

Ibada ya Jumapili tuliifanya nje, kabla ya kifungua kinywa, ukungu ukiwa bado umelala juu ya nyasi. Mama aliombwa achague somo, naye akachagua Zaburi ya 104, ile inayotaja chemchemi katika mabonde, mierezi, ndege wanaojenga viota na wibari wanaokimbilia majabali. Mtoto wa dada yangu aliuliza kwa sauti kama wibari ndiye aliyelia usiku, na mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza hakumnyamazisha; alimjibu kwamba ni wa ukoo mmoja, kisha akaendelea na maombi. Nimehudhuria ibada nyingi zenye mahubiri marefu na maandalizi makubwa. Hii ilikuwa fupi, haikuwa na mhubiri mgeni wala sadaka ya pili, na kila aliyekuwepo, hata mdogo, alikuwa na jambo la kushukuru ambalo alikuwa ameliona kwa macho yake siku iliyotangulia. Ndiyo sababu kuu inayonifanya niipendekeze mbuga hii kwa makanisa ya eneo letu kuliko kumbi za kukodi mjini.

Vijana walipanda kuelekea Koitobos pamoja na kiongozi, wakarejea jioni wamechoka na midomo imepasuka kwa baridi, wakisimulia kuhusu mimea mikubwa ya lobelia na seneshio inayosimama kumzidi mtu urefu. Sikwenda nao, kwa hiyo sitaieleza njia hiyo. Waliyosisitiza ni kwamba ianzwe alfajiri, na kwamba viatu vya kawaida vya michezo havifai.

Kwa wanaopanga, miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi, na barabara huwa zinapitika. Msidanganyike na jua la Kitale. Chukueni sweta nzito, soksi na kofia za watoto, maana juu ya mita 2,000 usiku hauna huruma. Bebeni tochi kwa kila mtu mzima, barakoa, na chupa kubwa za chai. Mzee asiyeweza kutembea mbali asiachwe nyumbani, kwani mengi ya kupendeza huonekana kutoka garini, mradi gari liwe la kufaa. Kiongozi wa kutembea naye ni gharama ambayo nisingeipunguza kwa namna yoyote. Mabanda ni machache, nayo hujaa wakati wa sikukuu, kwa hiyo kikundi kikubwa kiweke nafasi mapema, na vijana wapewe mahema katika kambi za humo humo mbugani ili vitanda vibakie kwa wazee na kwa mama wenye watoto wachanga.