Fundi kompyuta wa Magomeni, Mtwara: kumbe maiki yangu haikuwa imekufa

Wadau wa Mtwara niwape mrejesho wa fundi mmoja ana kibanda huku Magomeni, maana mjini nilishataka kuliwa hela hivi hivi najiona.

Iko hivi, nilikuwa na usaili wa kwenye Zoom, desktop yangu ya mtumba, nikachomeka eafoni za simu nawasikia vizuri kabisa ila nikiongea mimi wapi, wananiambia dada tunaona mdomo tu unacheza. Kesho yake nikapakia CPU kwenye bajaji mpaka duka moja la mjini (silitaji), jamaa hajauliza hata swali moja, eti kadi ya sauti imekufa, elfu sitini, na Windows mpya waniwekee. Nikamwambia ngoja nikajipange.

Huyu wa Magomeni neno la kwanza, "dada hebu nione hizo eafoni". Kashika pini kanionyesha vile vimstari vyeusi, viko vitatu. Akasema hii ya simu, sauti na maiki vyote vimekaa humo humo kwenye pini moja, CPU yako nyuma ina matundu mawili, la kijani la kusikilizia, la pinki ndo la maiki, wewe umechomeka la kijani, utasikia mpaka kiama ila wewe husikiki. Katoa kawaya kenye mikia miwili, ka kutenganisha sauti na maiki, buku tano.

Tukachomeka, bado kimya! Hapo nikajua ile sitini inatoka tu. Yeye hana hata presha, kaingia setingi za Windows, sehemu ya faragha, kwenye maikrofoni, kumbe ruhusa ya programu kutumia maiki imezimwa. Kawasha, haya sema kitu, nikasema "ming'oko" (vile viazi pori vya huku, ndo nilikuwa natafuna), kile kimstari cha sauti kwenye skrini kikaruka. Ufundi hajachaji hata mia.

Kasoro zipo. Yuko peke yake na foleni ndefu, nimesimama juani lisaa na nusu, mama muuza ming'oko ndo kanionea huruma akanipa kigoda. Risiti usiulize. Ijumaa mchana usiende, anafunga anaenda msikitini. Na kawaya kenyewe ni mchina haswa, ukikatikisa sauti inakatakata, mi nimekabana nyuma ya CPU na mpira wa kufungia hela.