Kiongezeo cha kusachi maneno kwenye Tally: miezi minne dukani, haya ndo niliyoyaona

Naanza na koki maana bila koki hii kitu nisingeinunua. Duka letu ni la vifaa vya ujenzi, Tegeta hapa Dar, nondo, saruji, bati, mabomba, rangi na makorokoro mengine yote ya fundi, na mahesabu tunaweka kwenye Tally, ile programu ya uhasibu ya kwenye kompyuta, toka 2019. Sasa mwezi wa pili fundi mmoja mteja wetu wa siku nyingi kaja kumalizia deni, nampa stetimenti yake, anaiangalia weee, af anasema "bosi, zile koki sita nilizorudisha mbona hamjanitolea?" Mi koki sizikumbuki. Dada wa kaunta naye hazikumbuki. Fundi anasema ilikuwa kipindi cha mvua, sasa mvua ipi, za vuli au masika, hajui. Tukakaa na Day Book, ile ripoti ya Tally yenye miamala ya kila siku, karibu lisaa tunapekua siku moja moja huku wateja wamejazana kaunta, mwisho nikamkatia tu elfu sabini na mbili yake yaishe, ila roho inaniuma najua nimepigwa.

Wiki hiyohiyo mhasibu wetu, yule anakujaga mara mbili kwa mwezi, akaniambia kuna vijana wanauza kiongezeo unakichomeka kwenye Tally, unaandika kiwodi, yaani neno unalolitafuta, kinapekua vocha zote (rekodi ya kila muamala), leja, invoisi na yale maelezo ya chini ya vocha, ile naresheni, miaka yote kwa mpigo. Laki na themanini kwa mwaka, kompyuta moja. Jina lao silitaji, nina malalamiko nao na bado tunaongea. Nikalipa. Neno la kwanza kuandika unalijua. Koki. Sekunde mbili tatu ikaleta mistari 41 na mmoja wapo wa Novemba: "fundi karudisha koki 6 zinavuja akatwe kwny deni". Dada aliandika hayo kwenye naresheni ya mauzo mengine kabisa, ya saruji, af hakuna aliyekumbuka kumkatia. Fundi wa watu alikuwa mkweli, na mi nilishamnunia wiki nzima.

Kabla sijaendelea, kama duka lako ni dogo na hutaki kutoa hela, jua Tally yenyewe inakuchujia. Fungua Day Book, bonyeza Alt+F2 uvute tarehe ziwe ndefu, mfano toka mwezi wa kwanza mpaka leo, af Alt+F12, chagua naresheni, mwambie iwe na neno fulani. Inafanya kazi. Ila ni ripoti moja kwa wakati mmoja, na mtu wa kaunta mwenye wateja watano mbele yake hizo hatua zote hazikumbuki, mi mwenyewe niliziandika kwenye karatasi nikabandika ukutani. Kiongezeo ni kiboksi kimoja, andika, entaa, basi. Hicho ndo unacholipia, usidanganywe kuna uchawi mwingine.

Kukiweka ni rahisi, wanakutumia faili la tcp, ndo kiongezeo chenyewe, unaingia F1, unaenda TDL & Add-On, unalionyesha lilipo, dakika kumi umemaliza. Kinachochosha ni faharasa. Mara ya kwanza inabidi kisome data yako yote kijitengenezee orodha ya maneno na kwa laptopu yetu ya ramu 4 ilichukua kama dakika 50, sawa, ni mara moja. Ila kumbe ulichoingiza leo hakikioni mpaka ubonyeze kusasisha, na kusasisha ni dakika saba ambazo Tally inakuwa nzito kama imebeba tofali. Sasa hivi tunasasisha usiku tukifunga, kwa hiyo mteja akija kuulizia kitu cha asubuhi ya leo, kiongezeo hakina habari naye.

Af kuna lugha. Hapa ndo pamenichekesha na kunikera kwa pamoja. Hawa vijana wamejenga kitu kichwani wakiwa na Kiingereza, yaani kinatafuta mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza inakubali maana maneno yao yanabadilikia mkiani. Ya kwetu yanabadilikia kichwani! Ukiandika "lipa" kinakuletea lipa, lipanamba, na kwingine kimya, wakati dada wa kaunta kaandika amelipa, hajalipa, kalipa nusu, atalipa, tumlipe. Vyote hivyo hakivioni. Kuna sehemu ya setingi ukachagua kitafute popote ndani ya neno, nikaichagua, nikaandika "lip" ili nipate na malipo na mlipaji humohumo. Ikaniletea taa zote za Philips tulizouza toka duka lifunguliwe. Nilikaa nikaangalia ile listi ya balbu nikacheka mwenyewe. "Juma" ndo usiseme, mafundi wanaoitwa Juma tunao watatu, lakini kila aliyeahidi kuleta hela Jumatatu, Jumamosi au Jumapili naye yumo, na kwa biashara ya ujenzi kila mtu ameahidi Jumamosi.

Na bidhaa moja kwetu ina majina manne. Saruji, simenti, cement, na mpwa wangu akikaa kaunta anaandika "cmt". Kiongezeo kina sehemu ya kuweka maneno ndugu, unakiambia haya manne ni kitu kimoja, na hapa nawapa maua yao maana baada ya kukaa jioni mbili nikiyaingiza (nondo na chuma, bati na mabati, gundi ya bomba na tangit) majibu yakanyooka kabisa. Ila ni kazi ya kwako wewe, kikija hakijui chochote. Namba pia ni shida, ukiandika 1250000 hakikuletei iliyoandikwa 1,250,000 kwenye naresheni, na ukiandika namba ya muamala wa M-Pesa ukachanganya sifuri na herufi O basi imekula kwako.

Sasa kitu ambacho kimenirudishia hela yangu wala hakimo kwenye maelekezo yao, tumekibuni wenyewe. Sisi tumesajiliwa VAT, ritani, yaani yale mahesabu ya kodi ya kupeleka TRA, inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na anayenunua mzigo anajua, bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ile kodi uliyolipa kwa msambazaji huwezi kuidai. Nondo za milioni 5.9, laki tisa humo ni VAT. Risiti isipokuja laki tisa hiyo ni ya kwako kuibeba. Na wasambazaji wengine tabia yao mnaijua, mashine mbovu, mtandao hamna, risiti nitakutumia kesho bosi. Zamani tulikuwa tunagundua tarehe 19 usiku. Sasa mzigo ukiingia bila risiti dada anaandika kwenye naresheni neno moja, EFDHAIJA, yameungana hivyohivyo. Risiti ikifika analifuta anaweka namba ya risiti. Tarehe 10 naandika EFDHAIJA kwenye kiboksi, inakuja listi, naanza kupiga simu mmoja mmoja. Mwezi wa nne ilikuja na mistari sita, nikaenda nayo mpaka Gerezani, kule Kariakoo, nikakaa kwenye benchi la mtu mpaka akanitolea risiti yangu. Naomba mnielewe, neno lolote la ajabu ambalo halipo kwenye lugha yoyote linafaa, cha msingi wote dukani mkubaliane na mliandike sawasawa.

Picha za risiti hakisomi. Na karatasi za EFD zinafifia mnajua, ukiweka droo yenye joto miezi michache imebaki nyeupe, wakati kumbukumbu TRA wanazitaka miaka mitano, kwa hiyo sisi tunapiga picha, ila kilichomo kwenye picha hakitafutiki labda ukiandike kwa mkono. Hilo siwalaumu, hawakuahidi.

Ninachowalaumu ni mishahara. Kwenye Tally nimeweka yuza tofauti, dada wa kaunta anaona mauzo na stoku, leja ya mishahara na ile ya matumizi yangu binafsi haoni. Sasa kiongezeo kinasoma data yote kwa yuza wangu mimi af kile kiboksi kinafunguka kwa kila mtu anayekaa kwenye hiyo kompyuta. Siku moja mpwa wangu, wala si kwa ubaya, anatafuta "posho" ya dereva wa kirikuu aliyeleta mchanga, kikamletea posho zote, advansi zote, na hela niliyomtumia mama yake mwezi wa kwanza ambayo tulikubaliana isitoke nje. Jioni dada wa kaunta kaniuliza kwa upole kabisa, "kwani kaka, yule wa stoo anapewa zaidi yangu?" Jibu sikuwa nalo. Nimemwongeza, na ilikuwa haki yake, lakini si kwa njia ile.

Nikawaandikia wale vijana WhatsApp. Tiki mbili za bluu. Siku ya tatu, "tunalifanyia kazi boss". Wiki ya pili, "litakuja kwenye apdeti". Apdeti ikaja ikabadilisha rangi ya kiboksi kutoka kijani kwenda bluu. Kwa sasa nimekihamishia kwenye laptopu yangu tu, dada akitaka kitu ananiita, yaani ule urahisi wa kaunta nilioulipia nusu yake umeondoka.

Jingine dogo, kikiwashwa kinaomba intaneti kihakiki leseni, bando likiisha hakifunguki, wakati Tally yenyewe data ipo hapohapo mezani. Na ukitoa majibu kwenda Excel tarehe zinageuka, tarehe 5 mwezi wa 8 inakuwa 8 mwezi wa 5, angalia sana kabla hujampelekea mhasibu.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne isingekuwa ile posho. Leseni yangu inaisha mwezi wa pili mwakani, wakiwa wameweka nywila kwa kila yuza nalipia tena siku hiyohiyo, wasipoweka, ile karatasi ya Alt+F12 bado ipo ukutani.