TAHADHARI: Fundi tovuti aliyeweka namba yake kwenye duka langu

Habari za saa hizi wajasiriamali wenzangu, hasa wa Tabora mjini. Nimepigwa, na aliyenipiga bado anatafuta wateja, ndiyo maana nimeona nisinyamaze. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa jambo liko polisi, ila mbinu yake naieleza yote ili ukikutana nayo uijue.

Mimi nauza asali. Nachukua kwa warinaji wa Sikonge na Urambo, nachuja, napaki, nauza hapa mjini na nyingine natuma kwa basi mikoani. Mwaka jana wateja wa Dar na Dodoma wakaanza kuniuliza kama nina tovuti waone bei. Kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa biashara, mmoja akaniunganisha na kijana. Akaja dukani siku hiyohiyo, shati limenyooka, laptopu imejaa stika, na kila maneno matatu lazima aniite "mama". Akanionyesha tovuti tatu alizosema katengeneza yeye: ya hoteli, ya shule na ya duka la vipuri. Kwa kweli zilipendeza. Tukapatana 700,000, kianzio 400,000, iliyobaki kazi ikiisha. Nilipotaja kuandikiana akasema, "Mama, mimi mwanao, tuandikiane nini?" Nami nikacheka, nikamtumia hela.

Akaniomba picha. Nilipanga chupa zangu mezani asubuhi kuna mwanga mzuri, nikapiga zaidi ya ishirini. Tovuti ilipotoka, baada ya wiki tatu, hakuna hata moja iliyotumika. Badala yake kulikuwa na bakuli la kioo na kile kijiti cha mbao chenye mistari cha kuchotea asali, ambacho tangu nizaliwe sijakiona kwenye nyumba yoyote ya Tabora. Ndoo ya lita 20 kaandika ina kilo 20. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya asali anajua inafika kilo 28, na basi wanakutoza mzigo kwa uzito huo. Nilimwambia arekebishe, akasema atarekebisha. Hapo ndipo ningeshtuka, ila nilikuwa nimefurahi mno kuona jina la biashara yangu kwenye simu.

Nikamalizia 300,000 yake. Vikafuata vijihela vya pembeni. Kwanza 120,000 ya "cheti cha kufuli", kile kialama kinachoonyesha tovuti ni salama. Kumbe cheti hicho hutolewa bure na Let's Encrypt, na kampuni nyingi za hostingi, yaani zinazohifadhi tovuti mtandaoni, zinakuwekea bila kukudai hata shilingi. Halafu 80,000 "ya kulipia Google ili tuonekane". Google halipishi mtu kuonekana kwenye matokeo ya kawaida ya utafutaji. Wanalipisha matangazo, na tangazo mimi sikuwahi kuliona.

Lakini hivyo vyote ningemeza. Kilichonileta hapa ni simu ya mzee mmoja wa Morogoro.

Alipiga Jumamosi jioni nikiwa nafunga duka. "Mama, asali yangu imefika wapi? Leo siku ya tisa." Namwambia mzee, sina oda yako. Akasema katuma 180,000, meseji ya muamala anayo, na kabla ya kuthibitisha aliona jina la mwanaume. Alipouliza akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu." Namba yangu kaipata wapi basi? Kwenye stika ya chupa ya zamani iliyokuwa kabatini kwake, binti yake aliinunua kwangu akiwa anasoma hapa Tabora. Bila ile chupa nadhani mpaka leo ningekuwa sijui kitu.

Nikafungua tovuti yangu mwenyewe na, kwa mara ya kwanza, nikabonyeza kile kitufe cha kijani cha "Agiza Sasa". Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa naiangalia tu kama picha ya harusi. Juu ya kitufe pameandikwa namba yangu, sahihi kabisa. Ukibonyeza, WhatsApp inafunguka kwa namba nyingine. Na picha ya wasifu ya hiyo namba ni chupa yangu, mojawapo ya zile nilizompa, kidole gumba changu kinaonekana pembeni na bandeji niliyokuwa nimefunga wiki ile.

Nilikaa chini.

Kwa wasiojua, kitufe cha namna hiyo huwa kimebeba linki ya WhatsApp, ya wa.me, ambayo ndani yake imeandikwa namba inayoanza na 255. Maandishi ya juu yanaweza kusema chochote. Kibonyeze ushikilie, linki itatokea, isome. Fanya hivyo leo kwenye tovuti yako hata kama fundi wako ni mtoto wa shangazi.

Nilipompigia akasema ni makosa ya mfumo. Nikaomba paswedi nibadilishe mwenyewe. Akasema paswedi ni "huduma ya makabidhiano", 350,000. Hapo kale ka "mama" kakaisha, nikawa "wewe". Kesho yake akanibloku. Nikaomba msaada kwa kijana mwingine anayejua haya mambo, akaniingiza kwenye WHOIS, huduma ya bure inayoonyesha jina la tovuti limesajiliwa lini na kupitia msajili gani. Ile domeini yangu, yaani anwani ya tovuti inayoishia na .co.tz, haina jina langu popote. Kisheria ni kama nimejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Na zile tovuti tatu za mwanzo? Nilipiga namba ya ile hoteli, wenyewe hawamjui. Ya vipuri ilikuwa sampuli tu ya themu, yaani muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, duka lenyewe halipo.

Safari hii nimenunua domeini mwenyewe kwa msajili, kwa barua pepe yangu na simu yangu, shilingi 25,000 kwa mwaka. Hostingi pia iko kwenye jina langu. Fundi mpya nimempa ruhusa ya kuingia kufanya kazi, na siku tukikosana naifuta ruhusa, nyumba inabaki yangu. Wala hakushangaa nilipomwambia. Aliniambia mteja yeyote angetakiwa kuanza hivyo, na tumeandikiana karatasi moja yenye bei, tarehe na vitu atakavyonikabidhi. Kama fundi wako anang'ang'ania kusajili kila kitu kwa jina lake "ili kukurahisishia", mwache aende.

Polisi nilipata RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, ila swali la kwanza la askari lilikuwa, "Mkataba uko wapi?" Nilikuwa na voisi za WhatsApp na meseji za miamala tu, kwa bahati sikuwa nimefuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini bila ushahidi unaishia kupiga hadithi pale kaunta. Ile namba nimeiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa meseji kwenda 15040. Mzee wa Morogoro aliwapigia mtandao wake wa simu wamrudishie muamala, hela ilikuwa imeshatolewa. Nimemtumia lita 5 kwa gharama yangu, alikataa kwanza, kisha akapokea.

Ile tovuti ya zamani bado iko hewani ninapoandika. Ukikutana na ukurasa wa asali ya Tabora wenye bakuli la kioo, kijiti cha mbao na ndoo ya lita 20 yenye "kilo 20", usitume hela. Tayari wengine wawili wamenipigia, mmoja Singida na mmoja Dar, na hao ni wale tu waliokuwa na chupa yangu nyumbani. Kama na wewe ulitumia ile namba, nitumie meseji ya muamala inboksi niipeleke kwenye jalada.