Ap ya kutafsiri kwenye simu: maana inazijua, uzito haijui

Nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu naipa kwa sababu inafanya kazi bila bando ukishaidaunlodi lugha mapema. Jina silitaji, wenye nayo mtaijua.

Mie natembeza wageni Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, Wataliano wengi, ndo nikaiweka. Bei na njia haina shida. Juzi sasa tupo sokoni Darajani, mama mmoja wa Kitaliano kasimama katikati ya watu, mikokoteni inapita, vespa zinapiga honi, akacheka akasema "che casino!", yaani vurugu gani hii, kwao ni neno la kila siku tu. Lakini asili yake ni nyumba ya malaya, basi ap bila haya ikatoa kwa sauti juu, "danguro gani hili!", mbele ya mzee anaetupimia karafuu. Mkono wa mzee ukasita hewani na kipimo chake. Nikamwambia nisamehe mzee wangu, si mgeni, ni simu. Akanijibu, "Basi hiyo simu yako haikulelewa, mwanangu."

Wallahi kasema kweli, mana uchafu wa neno haukai kwenye maana peke yake, unakaa kwenye kile watu wanachokiogopa au kukitukuza. Nishapata mgeni wa Québec, kule Kanada wanakosema Kifaransa, kajikwaa kwenye kizingiti akapiga "tabarnak!", Mfaransa aliekuwa nae akabaki kucheka, kwao hilo si tusi, ni tabenakulo, kile kisanduku cha kanisani cha kuwekea mkate mtakatifu, ila Québec kanisa lilivyowashika watu miaka mingi vitu vya altareni ndo vikageuka matusi makubwa. Waholanzi nao wanatukana kwa maradhi, saratani, taifodi, kifua kikuu, ap ikitafsiri utadhani daktari anasoma cheti! Muingereza anamwita rafiki yake "bastard" wakacheka wote, huku mwambie mtu mwanaharamu, ushamtoa kwenye nasaba na urithi wa babaake, na mama yake umemtukana humo humo.

Na wala usende mbali, Kiswahili hiki hiki. Bibi yangu Pemba anasema mvua inakunya, wageni wa bara wanaangaliana. Na "kunya anye kuku, akinya bata kaharisha" tunaisema barazani mbele ya wazee, hamna anaeziba masikio, lakini litoe neno lile kwenye methali ulitaje peke yake uone utavyotazamwa. Mpwa wangu yeye anaropoka matusi ya kizungu kutwa, bibi anadhani anadurusu, na mwenyewe hata hashtuki, hajawahi kutiwa pilipili mdomoni kwa neno la kizungu huyo.

Sasa hayo yote ap itayajuaje? Ingekuwa hata na alama tu ya kukustua, kwamba hapa angalia neno hili, ningeipa nyota nne. Kwa sasa sauti nimeizima, mgeni akisema nasoma kwanza mwenyewe kimya kimya ndo namwambia mtu. Zile karafuu ilibidi ninunue mie, robo kilo, na wala sikuthubutu kuomba kupunguziwa.