Tuisheni ya mkekani, Chikongola: nyota nne, ya tano nimeibana

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kipo karibu na soko la Chikongola, hapa Mtwara mjini. Watoto wa tuisheni nawabeba kila jioni, najua nani anatoka wapi na nani analia njiani. Hii ninayoielezea haina hata kibao. Ni baraza ya nyumba, bati juu, mikeka miwili, benchi moja na ukuta uliopakwa rangi nyeusi ukawa ubao. Shilingi 500 kwa siku, usipokuja hulipi.

Mwanangu Hamisi yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa Baraza la Mitihani. Mwaka jana alisoma tuisheni nyingine, siitaji jina, watoto wamejazana chumba kimoja wanaitikia kwa pamoja. Nikajua anasoma. Siku moja nikamfungulia ukurasa wenye picha ya jogoo, chini yake pameandikwa "jogoo". Akasoma "kuku", tena kwa sauti ya kujiamini. Nikaiziba picha kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe mwaka mzima alikuwa anafuata midomo ya wenzake.

Hapa mwalimu ni mama mtu mzima, amestaafu. Siku ya kwanza alikaa na Hamisi mkekani, wawili tu. Herufi akapita. Ba, be, bi akapita. Kwenye "nya" na "mbwa" akakwama. Alipoambiwa aandike "mtoto" akaandika "ntoto", nikacheka, maana hata mimi kinywani hunitoka hivyohivyo. Mwalimu hakucheka. Alimwambia aweke kidole mdomoni na alitamke neno polepole: midomo ikifungana, hiyo ni m.

Halafu akamweka na watoto wa darasa la pili. Hapo damu ikanichemka.

"Mwalimu, huyu wa darasa la nne!"

"Baba Hamisi, kaa kwanza. Hesabu bado."

Hesabu yenyewe: korosho 23, wagawane watoto wanne. Likizo Hamisi hushinda na bibi yake barabarani wakifunga korosho za kuuza. Hakushika hata kalamu: tano tano, zinabaki tatu. Palepale akahamishiwa kwenye benchi na wakubwa. Kwa hesabu tu. Ikifika kusoma anateremka tena mkekani. Hakuna anayemcheka, kwa sababu hata wa kwenye benchi wapo wanaoshuka mkekani kwa jambo jingine.

Mada huwa moja kwa wote, tuseme samaki wa feri. Wa mkekani wanaokota vikadi vya maneno vilivyokatwa kwenye maboksi ya sabuni, wa katikati wanatunga sentensi, wa benchi wanapiga hesabu za mafungu na chenji. Ijumaa anamsikiliza kila mtoto peke yake, aliyevuka anahama. "Nya" ilimkalisha Hamisi wiki tatu. Sasa anasoma hadithi fupi, ingawa kwenye "ng'" bado anapunguza mwendo kama bajaji kwenye tuta.

Nyota ya tano nimeibana kwa ajili ya wenye kasi. Kuna binti wa darasa la sita, akimaliza kazi yake anapewa wadogo awasomeshe. Mara moja moja sawa, lakini mama yake naye anatoa 500 ili binti afundishwe, si afundishe. Nilimwambia mwalimu, akanionyesha mikono yake miwili. Nikakosa la kujibu, ila nyota sirudishi. Halafu mvua ikipiga bati hakuna anayesikia kitu, na pesa imeshatolewa.

Msimu wa korosho watoto wengi wanapotea wiki nzima. Wakirudi hawapelekwi walipofika wenzao, wanasikilizwa upya na kuanzia pale walipoachia.

Anayetaka kumpeleka mwanawe afike kabla ya saa kumi jioni. Ikigonga kumi na moja mikeka imejaa, na wa kwako atakaa sakafuni na sare ya shule.