Nimeingiza pinboli ndani, mjumbe akaja kuuliza kama ni dubwi

Bei kwanza, maana kila anayeingia sebuleni ndilo swali lake, hata kabla hajakaa. Nimelipa milioni 6.5, tumeshushana kutoka 8. Ongeza usafiri, fundi na vikorokoro vya Kariakoo, ikakaribia milioni 7.5. Kwa hela hiyo unapata bodaboda mbili mpya na chenji ya mafuta, jambo ambalo mume wangu alinikumbusha kabla ya kununua, wakati wa kununua, na mpaka leo ananikumbusha huku kaing'ang'ania hiyo hiyo mashine anacheza.

Kwa wasioijua: pinboli ni sanduku refu la mbao lenye miguu minne ya chuma na kioo juu. Ndani kuna uwanja uliolazwa kwa mwinamo wa nyuzi 6.5 hivi, umejaa bampa za kuidundisha gololi, vichochoro, mashimo na taa. Unavuta fimbo ya springi, gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 inaruka mpaka juu, halafu inaanza kuteremka. Wewe una vitufe viwili ubavuni vya kuendeshea flipa, vile vimikono vya kupigia, na kazi yako yote ni kuizuia gololi isidumbukie katikati. Ukitazama mwenzio anacheza unaona kazi ndogo sana.

Yangu inaitwa FunHouse, ya kampuni ya Williams ya Chicago, mwaka 1990, mbunifu wake Pat Lawlor. Kilichoniuzia ni kichwa cha mwanasesere kilichokaa uwanjani, jina lake Rudy. Macho yake yanaifuata gololi inakokwenda, mdomo unafunguka na kufunga, na anaongea. Ukikosea anakukejeli, ukimgonga analalamika. Sauti ni ya Ed Boon, mmoja wa waliobuni mchezo wa video wa Mortal Kombat. Kuna saa uwanjani inayosogea kadiri unavyopata shabaha zako. Ikifika saa sita usiku Rudy anasinzia mdomo wazi, na hapo ndipo unatakiwa umtumbukizie gololi kinywani. Ukiwa ulishazifungia gololi nyingine mbili, zote tatu zinaachiliwa kwa mpigo na sebule nzima inapiga kelele.

Sasa, kwa nini ya zamani? Karibu kila niliyemuuliza alisema nunua mpya, ya zamani itakusumbua. Mpya ninazijua: kampuni ya Stern, ambao nao wako jirani na Chicago, toleo lao la kawaida linakaribia dola 7,000 huko huko kwao, kabla ya meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na wakala wa kukutolea mzigo bandarini. Lakini hata ningekuwa nazo nisingechukua. Mashine za siku hizi zimejaa vibodi vyenye vipande vidogo kama punje za mtama. Kibodi kikifa, unaagiza kingine nje na kusubiri. Hii ya 1990 transista zake unazishika kwa vidole, fyuzi zinachomoka, na kitabu chake kina michoro yote ya saketi. Fundi anayetengeneza amplifaya za kumbi anaweza kuusoma mchoro ule na kukuambia tatizo liko wapi. Kwa sisi wa Dar mchezo mtamu kuliko mwingine si hoja kubwa. Hoja ni nani atalifungua hilo sanduku siku likinyamaza.

Muuzaji alikuwa mgeni anayemaliza mkataba wake, nyumba iko Masaki, kila kitu kimebandikwa bei mpaka vyungu vya maua. Nilikwenda na fundi wangu, na hilo nalishauri kwa nguvu zote. Usikubali kuonyeshwa mashine iliyozimwa. Cheza mchezo mzima, kisha omba ifunguliwe. Kwenye sanduku la juu, lile linalosimama mwisho wa mashine, nyuma ya kioo chake chenye picha, kuna bodi kuu yenye betri tatu ndogo za AA zinazotunza alama na mipangilio mashine ikiwa imezimwa. Zikisahaulika humo miaka zinavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba za bodi. Mashine zote za rika hilo zina hatari hiyo, wala si kosa la kiwanda. Za yule bwana zilikuwa zimeanza kutoa unga mweupe, na kwenye vishikizio kuna ukijani. Fundi akamulika tochi ya simu, akanitazama, hakusema neno. Kimya kile kilinishushia milioni moja na nusu.

Tulipofika nyumbani alitoa betri, akasugua pale palipochafuka kwa mswaki uliochovywa kwenye siki ya jikoni, akafuta kwa spiriti, akaacha pakauke vizuri. Betri mpya hakuzirudisha palepale. Aliunga waya, akafunga kishikilia betri chini kabisa ya sanduku, ili siku zikivuja zivujie mbao.

Kitu kingine cha kukagua ni kibandiko cha umeme. Zilizouzwa Marekani zimefungwa kwa volti 115, sisi tuko 230. Transfoma ya ndani inakubali kubadilishwa kwa kuhamisha waya za kuunganishia, na fyuzi kuu nayo ibadilishwe, lakini ukiichomeka tu kwa kuwa plagi imeingia, umekwisha. Yangu ilishaishi Ulaya, ikabaki kufunga plagi ya pini tatu bapa za kwetu.

Usafiri haukuwa na maajabu. Inazidi kilo 110, sanduku la juu linalala, miguu inatoka kwa spana namba 16 (wengi wanatembea na 14 na 17, kwa hiyo beba yako), na gololi zitolewe kabla ya kuinamisha chochote. Kirikuu moja, vijana wanne, godoro chini, tukapitia Daraja la Kigamboni maana pantoni na mzigo kama ule sikuona wanapatana.

Kilichonifuata nyumbani ndicho sikukitegemea. Watoto wa jirani walikuwa wamechungulia dirishani wakati inawashwa, wakaona taa, wakaona tundu la sarafu, habari ikatembea. Jioni nikasikia hodi. Mjumbe wetu, mzee mwenye heshima zake.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba mwanangu. Sikai sana. Nasikia umetuletea dubwi mtaani."

Simlaumu. Wanaokaa Dar wanajua mashine zile za kamari za vibandani zinazokula sarafu za mia mbili, na watoto wa shule wanavyoacha nauli zao mle. Nikamwambia mzee ingia ujionee. Akaizunguka, mikono nyuma. Akainama, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Na hili?"

"La senti 25 za Marekani, mzee. Lakini kwenye mipangilio nimeiweka icheze bure, hailipiwi."

"Ukishinda inatoa nini?"

"Inatoa mchezo mwingine."

"Mchezo mwingine!" Akacheka mpaka akashika kioo. Nikamwashia acheze. Gololi ya kwanza ikapita katikati bila yeye kugusa kitu, Rudy akamtolea maneno, mzee akarudi nyuma hatua mbili. "Kumbe linatukana na watu wazima!" Gololi ya tatu alikuwa ameshavua kofia.

Wasiwasi wa mjumbe una ukoo mrefu kuliko anavyojua. New York walizipiga marufuku mwaka 1942, enzi za meya Fiorello La Guardia, polisi wakizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha, kwa hoja ile ile kwamba ni kamari inayokula hela za watoto. Marufuku ile ilidumu mpaka 1976, kijana mmoja mwandishi, Roger Sharpe, alipocheza mbele ya madiwani na kutaja mapema njia ambayo gololi ingepita, nayo ikapita. Na La Guardia hakuwa anaota. Flipa zilianza mwaka 1947, kwenye Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb; kabla ya hapo mchezaji aliirusha gololi, akaitikisa mashine kidogo na kuomba Mungu. Flipa ndizo zilizoutenga mchezo huu na dubwi. Mjumbe nilimweleza hivyo hivyo, akasema sawa, lakini pazia lile nilishushe jioni.

Tatizo halisi lilikuwa umeme. Mchana mashine inacheza vizuri. Ikifika saa moja usiku, mtaa mzima umewasha feni, pasi na majiko, uko katikati ya mchezo, unabonyeza flipa zote mbili kwa pamoja, taa zinafifia, kila kitu kinazimika na kuanza upya. Alama zako zimekwenda. Unaanza tena, inarudia palepale. Mara ya kwanza unadhani imekufa.

Fundi alipima ukutani akakuta volti ziko chini sana ya 230. Alinieleza hivi: kompyuta ya ndani inakula volti 5 tu, na flipa zinapopiga zinavuta umeme mwingi kwa ghafla. Umeme wa nyumba ukiwa tayari umeshuka, hizo volti 5 zinayumba, na kuna saketi ya ulinzi inayoona bora iwashe upya kuliko kufanya kazi kiwazimu. Dawa ilikuwa sehemu mbili. Stabilaiza nzuri (usinunue ile ya bei ya chini kabisa, nunua ya ukubwa wa kuendesha friji kubwa), na kubadilisha kapasita kubwa ya maikrofaradi 15,000 pamoja na rektifaya yake, vyote vimechoka kwa umri. Vyote vilipatikana Kariakoo, kapasita ikiwa ya volti nyingi kidogo kuliko ya mwanzo, jambo lisilo na madhara mradi itoshee mahali pake. Tangu siku hiyo haijawahi kujizima yenyewe. Umeme ukikatika moja kwa moja, hapo ni subira tu kama kawaida yetu.

Kuhusu mchezo wenyewe sina la kulalamikia. Kila mgeni ana ugonjwa mmoja, kubonyeza flipa zote mbili kila gololi inapokaribia. Wakimaliza hapo wanaanza kujifunza kuishika gololi kwenye flipa moja, kuituliza, kisha kulenga. Halafu wanajifunza kusukuma. Ndiyo, kuisukuma mashine kidogo kunaruhusiwa, ni sehemu ya ufundi. Ndani inaning'inia timazi ndogo katikati ya pete ya chuma. Ukitikisa kupita kiasi timazi inagusa pete, flipa zinakufa na gololi imekwenda. Mume wangu analalamika pete ile ni nyembamba. Ni ya kawaida kabisa, mikono yake ndiyo mizito.

Dada wa nyumbani hampendi Rudy. Mashine ikiwa imewashwa bila mchezaji huwa kichwa kile kinaropoka chenyewe mara moja moja, na siku ya kwanza kilimkuta anadeki peke yake. Sasa sebule anaideki mashine ikiwa imezimwa ukutani, plagi kaichomoa kwa mkono wake. Na walinzi wa jirani watanisamehe: ukishinda mchezo wa bure, kuna nondo ndogo inayopiga ubao kwa ndani, "KWA!", mlio mmoja mkavu kama risasi. Usiku unasikika mpaka barabarani. Inawezekana kuuzima, lakini raha nusu iko pale.

Matunzo si mengi ila hayaahirishwi. Kigamboni upepo una chumvi, miguu ya kromu ilianza madoa mapema, napaka mafuta mepesi kwa kitambaa. Gololi ikianza mikwaruzo inatupwa, kwa sababu inageuka msasa unaotembea juu ya rangi ya uwanja, na rangi hiyo ndiyo thamani ya mashine. Uwanja nafuta masizi meusi, kisha nta ya gari ya kanuba isiyo na chembe za kusugulia. Mwinamo napima kwa pimamaji ya fundi mwashi, kulia na kushoto, maana sakafu zetu hizi.

Nisingemshauri aliyepanga ghorofani, wala anayehama kila kodi ikiisha, wala anayetaka kitu cha kuwasha na kusahau. Huyo anunue pleisteshini alale. Aliye na chumba cha chini, umeme wa kueleweka kidogo na fundi anayepokea simu, atafute. Hazionekani mara nyingi, Williams wenyewe waliacha kutengeneza pinboli mwaka 1999, na hapa mjini zinatokea tu wageni wanapofunga virago.

Mimi kinachonisumbua kwa sasa ni raba. Uwanja mzima umezungukwa na raba za saizi mbalimbali, zangu zimekauka na gololi haidundi inavyotakiwa. Fundi alijaribu oringi za pampu, zikadunda kama jiwe kwenye tope. Seti kamili nimeagiza nje na mtu wangu ameahirisha safari, kwa hiyo kama kuna anayetoka Ulaya karibuni na begi lake lina nafasi, mfuko wenyewe haufiki kilo moja.